Nkambo yuko gazetini: vidokezo kwa anayetafuta ukoo wake Kamina

Karatasi yenyewe huwa ndogo. Imekunjwa mara nne, imelala ndani ya Biblia au nyuma ya fremu ya picha ya ndoa, wino umefifia na mende wameshaonja pembe moja. Ni tangazo la kifo cha nkambo, yaani babu, lililokatwa gazetini na mtu ambaye leo hakuna anayekumbuka ni nani. Wengi hulisoma, hutikisa kichwa, kisha hulirudisha lilikotoka. Ungelishika kidogo ungepata mengi, hasa kama familia yako ilipitia Kamina, mji wa Katanga, Kongo, ambao wengi wa wakazi wake wa kwanza walishuka kwenye treni na mizigo yao, kila mmoja na kijiji chake nyuma. Haya hapa ya kufanya.

1. Anza na wanaotangaza, marehemu baadaye

Marehemu unamjua tayari, ndiyo maana umeshika karatasi. Mali iko kwenye orodha ya walioachwa. Nani anatajwa kwanza? Mjane ni mmoja au wawili? Watoto wangapi, na yupi ameandikwa na mji wake kando ya jina? Ukiona shangazi aliyeko Likasi na mjomba aliyeko Kalemie, umepata anwani mbili za kuanzia.

Matangazo ya Kongo yaliyoandikwa kwa Kifaransa yana desturi zake. Mwanamke akiitwa «veuve» fulani, jina linalofuata ni la mume aliyekwisha kufa. Neno «née» linafuatwa na jina la kwao, yaani ukoo mzima wa upande wa mama unaokusubiri. «Feu» mbele ya jina la mtu ina maana naye alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo umepewa vifo viwili kwa tangazo moja. Na pale penye «familles» tatu au nne zimepangwa kwa mkato, usizipite haraka: mara nyingi mojawapo ni ya baba, nyingine ya mama, nyingine ya wakwe. Chukua kalamu, chora mti kwa majina hayo tu, kabla hujamuuliza mtu yeyote. Utashangaa matawi yaliyojitokeza.

Wakenya wamelifanya jambo hili kuwa sanaa. Fungua kurasa za vifo za Daily Nation, gazeti lililoanza 1960, utakuta mtu ametajwa kama mume wa, baba wa, kaka wa, shemeji wa, babu wa, mpaka unajua na mkwe wake anafanya kazi wapi. Kwetu tangazo hubana maneno, kwa hiyo kila neno lililobaki lina uzito.

2. Tarehe ya gazeti si tarehe ya kifo

Gazeti la kila siku laweza kuchelewa siku tatu, jarida la kila mwezi likachelewa miezi. Ukikuta «Jumanne iliyopita», rudi kwenye kalenda ya mwaka ule na uhesabu. Andika tarehe zote mbili, kila moja na jina lake.

3. Tafuta jina moja kwa maandishi manne

Hapa ndipo watu wengi hukwama, wakatangaza kwamba nkambo hayumo. Yumo, ila karani aliyeandika alikuwa Mbelgiji mwenye masikio yake. Kyungu ni Kiungu, Nyembo ni Niembo, Ngoy ni Ngoie au Ngoyi, Mukalayi anapoteza herufi ya mwisho. Anayetoka upande wa Kasai atakuta jina linaloanza kwa «Tshi» kwenye karatasi moja na kwa «Ci» kwenye nyingine. Andika maumbo yote unayoweza kuyawaza kabla ya kwenda kokote, na uyasome kwa sauti, maana sikio litakukumbusha ambalo jicho limesahau.

Halafu kuna 1972. Mwaka ule utawala wa Mobutu uliwataka raia wote waache majina ya ubatizo na wachukue ya asili. Joseph aliyezaliwa miaka ya 1920, akaajiriwa kama Joseph na kuoa kama Joseph, alikufa bila Joseph kama alifariki 1978. Kinyume chake, tangazo la 1958 laweza kumtaja kwa jina la ubatizo na jina moja tu la kwao, lile ambalo nyumbani hamkulitumia. Watu wawili kwenye karatasi, mtu mmoja kaburini. Na kwa kuwa mtoto hupewa jina la babu yake, ukoo mmoja waweza kuwa na akina Ilunga watano wanaoishi mji mmoja kwa wakati mmoja, wote somo wa mzee yule yule. Kinachowatofautisha ni jina la mama, kazi na kijiji. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo, usikimbilie kusema «huyu ndiye».

4. Rudisha majina ya miji

Elisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Port-Francqui ni Ilebo, Luluabourg ni Kananga. Katanga iliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997. Kamina ilibaki Kamina, kwa hiyo usibabaike nayo, lakini jihadhari na neno Haut-Lomami: kabla ya 2015 lilikuwa jina la wilaya ndani ya Katanga, leo ni jimbo na Kamina ni makao yake makuu. Tangazo linalosema marehemu ni mtu wa Haut-Lomami laweza kuwa la enzi yoyote kati ya hizo.

5. Jina la mwajiri linakupa miaka

Kama tangazo linasema marehemu alikuwa mtu wa BCK, hiyo ni kampuni ya reli iliyoanzishwa 1906. Reli kutoka Elisabethville ilifika Bukama 1918, na ile ya kupita Kamina kwenda Port-Francqui ilikamilika 1928. Kwa hiyo mzee aliyekuja «na reli» hakuweza kuja na treni kabla ya miaka hiyo ya 1920. Kama hadithi ya nyumbani inasema 1910, basi alikuja kwa miguu au hadithi imejiongezea umri. Njia ya Kamina kwenda Kabalo, inayoungana na ile ya Kalemie na ziwa, ilifunguliwa 1956. Familia nyingi zenye ndugu huku na huku kati ya Kamina na Tanganyika zimeanza kutawanyika hapo. Ukiona KDL, jina la baadaye la kampuni hiyo, uko karibu na miaka ya uhuru. SNCZ, shirika la reli la enzi ya Zaire, ni kuanzia 1974. SNCC ni baada ya Zaire kurudi kuwa Kongo.

Kuna na kambi. Wabelgiji walianza kujenga kituo kikubwa cha kijeshi cha Kamina 1949, na 1960 kikosi cha Umoja wa Mataifa kikakitumia. Fundi wa ujenzi, mpishi, dereva, mtu wa Force Publique, jeshi la kikoloni: kila cheo kina mafaili yake. Usiridhike na «alikuwa anafanya kazi kambini». Kazi gani? Kapita, yaani msimamizi wa kazi, hakuandikwa katika kitabu kimoja na karani.

6. Kubali kwamba huenda nkambo hakuandikwa, kisha tafuta palipo na nafasi yake

Tuseme ukweli. L'Essor du Congo, lililoanzishwa Elisabethville 1928, lilikuwa gazeti la walowezi. Mwafrika aliyekufa akiwa mpakuaji wa mizigo stesheni ya Kamina hakutengewa mstari humo. Usipoteze mwezi mzima ukipekua kurasa ambazo hazikuandikwa kwa ajili yake. Angalia mahali watu wetu walipotajwa kwa majina.

Kwanza, magazeti ya makampuni. Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines, ilikuwa na Mwana Shaba, lililoanza 1957 kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kama marehemu alihamia migodini, nenda huko. Pili, La Voix du Congolais, jarida lililotoka Léopoldville kuanzia 1945 hadi 1959 chini ya Antoine-Roger Bolamba, ambalo lilisomwa na kuandikwa na makarani, walimu na wauguzi, wale waliokuwa wakiitwa «évolués». Tatu, ripoti za misheni. William Burton na James Salter walifika Mwanza, upande wa Malemba-Nkulu, 1915, na misheni yao ya Kipentekoste ilituma habari kwao mara kwa mara. Wahubiri wa Kiluba wanatajwa humo, ingawa mara nyingine kwa jina moja tu na sifa ya kanisani. Wamethodisti nao walikuwa na ripoti zao, na nyaraka za kanisa lao zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Drew, New Jersey, Marekani.

Nne ni redio. Kwa watu wengi wa Kamina komunike ya redio ndiyo gazeti lenyewe: jina la marehemu, matanga yako wapi, nani aarifiwe Bukama, nani Kaniama, nani Kabongo. Sauti imepotea hewani, lakini karatasi iliyopelekwa kwa mtangazaji iliandikwa kwa mkono na mtu wa familia, na mara nyingi nakala ilibaki kwa aliyeiandika. Uliza nani alikuwa mwandishi wa ukoo miaka ile. Kila ukoo una mmoja, yule mwenye mwandiko mzuri ambaye hata barua za mahari alipelekewa yeye.

7. Beba tangazo uende nalo parokiani

Wafransisko ndio waliopewa eneo hili na Roma. Mmoja wao, Placide Tempels, aliyeandika kitabu maarufu kuhusu falsafa ya Wabantu kilichotoka 1945, aliishi na kufanya kazi miongoni mwa Waluba wa huku. Kwa hiyo kama nkambo alikuwa Mkatoliki, umebahatika: kitabu cha ubatizo kina tarehe, jina la baba, jina la mama, na msimamizi wa ubatizo.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui. Angalia pembezoni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa inataka ndoa iandikwe pia katika kitabu alikobatizwa mtu, kwa hiyo mtu aliyebatizwa Kamina na kuoa Kolwezi anaweza kuwa na mstari mdogo wa pembeni unaotaja Kolwezi, mwaka na jina la mke. Mistari hiyo midogo imeunganisha familia nyingi kuliko tangazo lolote. Msimamizi wa ubatizo naye si jina la bure. Mara nyingi alikuwa katekista wa kijiji walikotoka, au mtu wa ukoo aliyetangulia mjini.

Nenda asubuhi, siku isiyo ya misa kubwa, na uwe na jina, mwaka wa kukadiria na jina la baba. Ukifika mikono mitupu ukasema «naomba kumtafuta babu», padri atakutazama kwa huruma na kukuaga. Kwa Wamethodisti na Wapentekoste, uliza orodha za waumini na za wanafunzi wa shule ya misheni. Na acha sadaka, hata kama hukupata kitu. Mtu amekufunulia kabati.

8. «Frère» si lazima awe kaka

Tangazo la Kifaransa lililoandikwa na Mluba linaweza kumwita «frère» mtoto wa baba mdogo, «père» ndugu wa baba, na «fils» mtoto wa dada aliyelelewa nyumbani. Hakuna aliyedanganya. Ila ukichora mti kama Mzungu wa Namur, utampa mzee watoto kumi na wanane na kaka ishirini. Kwa kila jina uliza: walizaliwa na mama mmoja? Baba mmoja? Swali hilo likiulizwa kwa heshima linajibiwa haraka.

9. Gazeti nalo hukosea

Mchukue Jason Sendwe, mtu wa Kabongo, aliyeongoza chama cha Balubakat na kuuawa Albertville mwezi Juni 1964. Mtu mkubwa kiasi hicho, aliyeandikwa na magazeti ya dunia, na bado namna alivyouawa inasimuliwa kwa njia tofauti. Wa kwako, aliyeandikwa mistari sita na mtu aliyelia usiku kucha, ataandikwa umri wa kukisia na mwaka wa kuzaliwa uliotolewa na ofisi. Usilitupe tangazo kwa kosa moja, wala usiligeuze Maandiko. Unapokuta tarehe mbili, andika zote na uandike kila moja imetoka wapi.

10. Mzee kabla ya intaneti

Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mbao uliopambwa kwa shanga na magamba, ambao wajuzi wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole huku wakisimulia wafalme, safari na nasaba. Nyingine ziko leo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Upande wa Kasai wana kasala, utenzi wa sifa unaoghaniwa hata matangani, wenye kutaja mababu mmoja baada ya mwingine; na kwa kuwa reli ilileta Wakasai wengi Kamina, matanga ya mji huu yana hazina hiyo mpaka leo. Ukialikwa, washa kinasa sauti cha simu, baada ya kuomba ruhusa.

Msomee mzee tangazo polepole, jina baada ya jina, kisha nyamaza. Usimuulize «unakumbuka nini?» Swali hilo humchosha mtu. Muulize: «Huyu wa tatu, alikuwa anakaa wapi?» Atakupa nyumba, jirani, mti wa embe uliokuwa uani, na mjukuu aliyeko Lubumbashi mwenye namba ya simu.

Na usianze na «alikufa na nini». Kifo katika familia nyingi kina watu waliolaumiwa, wake waliofukuzwa, ndugu ambao hawajasalimiana tangu siku ile ya maziko. Kuna na vifo vya miaka ya vita vya kujitenga kwa Katanga, 1960 na 1961, na vya 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga na kusubiri treni kwenye stesheni kwa muda mrefu. Mwache mzee afike hapo mwenyewe, au asifike.

11. Brussels, ukiwa Kamina

Nyaraka za enzi ya ukoloni zilizokuwa zikitunzwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ubelgiji zimekuwa zikihamishiwa kwenye Hifadhi ya Taifa huko Brussels. Maktaba ya Kifalme, KBR, ina magazeti ya zamani, na sehemu yake inasomeka kwenye intaneti kupitia BelgicaPress. Karatasi nyingi za mashirika ya kimisionari ziko KADOC, Leuven. Jumba la makumbusho la Tervuren lina picha na mafaili. Andika barua pepe fupi kwa Kifaransa: jina kwa maumbo yake yote, miaka, mwajiri, mahali. Swali moja kwa barua moja. Anayeuliza «kila kitu kuhusu familia yetu» hajibiwi, na ni haki yake.

Kama una binamu Liège au Brussels, mtume yeye kwenye chumba cha kusomea. Atakataa kwanza, wote hukataa, kisha mtumie picha ya tangazo.

12. Tunza karatasi

Usiigandishe kwa selotepu. Itageuka njano na kula maandishi. Usiipeleke kwa laminesheni. Piga picha mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu: kwanza ukurasa mzima kama upo, halafu jina la gazeti na tarehe, kisha tangazo lenyewe, na mwisho upande wa nyuma. Ndiyo, wa nyuma. Kama jina la gazeti lilikatwa, tangazo la biashara au matokeo ya mpira nyuma yake yanaweza kukupa mwaka. Weka karatasi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, mbali na sakafu. Mchwa wa Kamina hawachagui. Tuma picha kwa watu watatu wa familia wanaokaa miji tofauti, maana simu huibwa na kundi la WhatsApp hufutwa.

13. Andikeni vizuri komunike inayofuata

Siku itafika mtakaa kwenye viti vya plastiki vya matanga mkitafuta maneno ya kupeleka redioni, na mtu atasema «andika tu familia ina huzuni». Mkatalieni. Wekeni jina kamili pamoja na lile la ubatizo, jina la baba na la mama, kijiji na eneo la usultani, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukadiria, kazi na mwajiri, mahali pa kuzikwa, na watoto wote kwa majina, pamoja na wale wa nje mnaowanong'oneza. Juu ya karatasi andikeni tarehe kamili na mwaka, kisha mtoe fotokopi mbili kabla haijaenda kwa mtangazaji.